Injini ya Mwalimu Nyangulu

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimeitwa fundi na mtu mwenye geti! Area 47, Lilongwe, saa nne asubuhi. Mimi Evariste Lwaboshi, fundi wa vyerehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mzaliwa wa Fizi kule Kongo, kibali cha siku moja mfukoni na begi la bisibisi begani. Kazi yenyewe ndogo. Mashine ya overloki ya mjane mmoja, Mai Nyangulu (mai ni mama huku), ilikuwa inaruka nyuzi. Sindano iliwekwa kinyume, basi. Sikumwambia. Nilifungua mashine nzima, nikaitandaza mezani, nikahema, nikaifunga tena. Mteja lazima aone jasho.

Mai Nyangulu aliwahi kukaa Mbeya, Kiswahili anakijua. Aliviangalia vidole vyangu, akauliza kama naweza kufufua kitu kingine. Akaleta boksi la viatu. Ndani, injini. Ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ni ya ndege ndogo, zile za kurusha kwa kujifurahisha. Marehemu mume wake, Mwalimu Nyangulu, alikuwa akiirusha kila Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule. Ndege yenyewe ilivunjika. Injini imebaki, imeganda kabisa, pangaboi la mbele halizunguki hata ulisukume kwa mikono miwili.

Jumamosi tarehe 14 wanafunua jiwe la kaburi lake. Ni desturi yao ya huku: jiwe linafunikwa kitambaa, watu wanaomba, kitambaa kinatolewa, watu wanakula. Anataka siku hiyo injini ilie pale kaburini, hata nusu dakika. Anasema miaka miwili sasa hajasikia ile sauti, wala harufu ya yale mafuta kwenye mashati ya kufua.

Akaniuliza kama ninazijua injini hizi. Nilimjibu kwamba Uvira nimezitengeneza hadi nikachoka. Uvira sijawahi kuona hata moja.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yake mama huyu, Bwana Mkwezalamba, ana karakana ya kushona sare za shule Old Town. Vyerehani arobaini! Anatafuta fundi wa kudumu, na fundi huyo anaombewa karatasi: ruhusa ya kazi, ruhusa ya kukaa mjini na familia. Mai Nyangulu anasema nikimlizia injini yake, atanisemea. Aliponikabidhi boksi aliniambia kila kitu kimo humo ndani.

Nimemweleza mke wangu, Charlotte. Alikaa chini. Tuna miaka kumi na moja Dzaleka pamoja na watoto, na sijawahi kumwona akikaa chini mchana bila cherehani mbele yake. Ameniuliza maswali mawili: kama tungeweza kukaa mtaa wa Chilinde, karibu na soko, na kama nimewahi kuona injini ya namna hiyo. Nimemjibu la kwanza.

Jumatano, 4 Juni

Kuganda kote kule ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Nimelifikiria tangu alfajiri. Gundi, dawa yake ni moto na maji.

Sufuria kubwa ya Charlotte ilikuwa tupu. Nimeweka maji, majivu, injini, nikaichemsha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, saa tatu nzima kama maharagi. Povu la kahawia. Harufu ya ajabu, nzito, tamu tamu, imeingia hadi kwenye blanketi.

Jirani yangu Gakiza akaja kunusa. Huyu Gakiza ni Mrundi, anatengeneza pikipiki za kabaza, zile za kubeba abiria, hapo mbele yangu. Kibao chake kimeandikwa vibaya kuliko changu lakini watu wanakisoma. Watu wanakaa kwake hata kama hawana pikipiki! Akauliza ninapika nini. Nilimwambia ni siri ya mteja wa mjini. Akasema sawa, akarudi kwenye watu wake. Ananikera mtu asiyekasirika.

Jioni Charlotte amekuta sufuria yake nyeusi ndani. Amesugua kwa mchanga, amesugua kwa sabuni. Nsima ya leo, ugali wa huku, ilikuwa na ladha ya spana.

Alhamisi, 5 Juni

INAZUNGUKA! Asubuhi nimeigusa tu, pangaboi likaenda. Nimepiga kelele hadi Charlotte akatoka na mtama mkononi. Hata yeye alicheka. Ameanza kuulizia bei ya vyumba Chilinde kwa mama mmoja wa kanisani, kimya kimya, anadhani sijui.

Lakini kuna tatizo. Inazunguka vizuri, halafu pistoni ikifika juu kabisa, inabana. Unalazimika kusukuma. Tik! Inapita. Inazunguka tena, juu kabisa, tik! Kila mzunguko.

Hii si sawa. Nina miaka ishirini na mbili kwenye vyerehani na sheria ni moja: chombo cha kuzunguka kizunguke laini. Cherehani kikibana mahali, mahali hapo pana ugonjwa.

Gakiza amesikia kelele, amekuja tena. Sikumwita. Ameishika injini, ameizungusha, amesikiliza kwa sikio kama daktari. Nilingoja ajivune. Badala yake alisema, na watu wake wote wakisikia: "Hii mi siijue. Pistoni yake haina ringi. Kama haina ringi, labda inabana kwa sababu hiyo. Tuulize kwanza, kuuliza si ujinga."

Mbele ya wateja! Fundi anasema hajui, mbele ya wateja! Mimi ningekufa. Nimemnyang'anya injini kwa adabu na kumwambia kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya pikipiki na ndege.

Ijumaa, 6 Juni

Siku kuu ya maisha yangu. Niliichomoa silinda, nikachukua msasa ule laini kabisa, nikaufunga kwenye penseli, nikaanza kukwangua pale juu panapobana. Polepole. Robo saa, napima. Robo saa, napima. Halafu dawa ya meno, kung'arisha. Nikaifunga. Nikazungusha.

Laini! Laini kuanzia chini hadi juu, hakuna tik, hakuna kitu. Nimeliachia pangaboi kwa kidole kimoja likazunguka lenyewe mara tatu. Nimekaa nikiliangalia hadi machozi yakanijia. Mwalimu Nyangulu, mtu wa shule, ameishi na kasoro hii miaka yote, na mimi mkimbizi wa Fizi nimeitoa kwa msasa na penseli!

Kifuniko cha nyuma kilihitaji gasketi mpya, ile ya zamani ilikuja vipande vipande. Gasketi ni karatasi tu. Chini ya boksi la viatu kulikuwa na karatasi nzuri, nene kidogo, imekunjwa mara nne, imeandikwa Kiingereza kwa mkono pande zote. Kiingereza changu ni cha salamu. Mwalimu ni mwalimu, nikajua ni somo la wanafunzi wake. Katika nyumba ya fundi nguo hakuna karatasi isiyokatwa: Charlotte anakata patroni za kola kwenye gazeti, anakata mikono kwenye mfuko wa simenti. Nimekata gasketi tatu nikaziharibu, ya nne imekaa sawasawa. Vipande vilivyobaki vimewashia mbabula.

Usiku huu nalala kama mwajiriwa.

Jumapili, 8 Juni

Sijui niandike nini.

Baada ya ibada, nje ya kanisa, nimeifunga injini kwenye ubao, nikaweka mafuta ya Mwalimu (mkebe wake ulikuwa bado na lakiri, kumbe boksi lilikuwa na kila kitu kweli), nikaunganisha betri kwenye plagi, nikapiga pangaboi kwa kidole. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Waumini walikuwa wamesimama na Biblia zao wakingoja. Nimepiga mara mia mbili. Nimehesabu, kwa sababu watu pia walikuwa wakihesabu.

Hakuna hata kikohozi. Nikapuliza kwenye tundu la plagi kwa mdomo: pumzi yangu inaingia huku, inatokea kule. Hakuna kitu kinachoizuia. Pistoni inapanda na kushuka mle ndani kama mtu mwembamba ndani ya koti la babake.

Gakiza alikuwepo. Aliangalia silinda, akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo kama nimekwangua. Nilijibu kwamba nimesafisha. Akatikisa kichwa, akaondoka bila kumwambia mtu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 9 Juni

Mawazo ya saa tisa usiku: kama kuna nafasi, nafasi inajazwa. Inajazwa na nini? Na kitu kizito. Mafuta mazito kuliko yote katika nyumba hii ni mafuta ya mbarika, ya nywele za Charlotte. Chupa nzima, aliyoletewa na dada yake kutoka Blantyre.

Nilimimina nusu. Nikapiga pangaboi. Puh! Moshi mweupe! Mara moja, basi. Puh ya pili haikuja. Nikamimina nusu iliyobaki. Hakuna.

Charlotte amerudi kutoka bombani. Amenusa, amekwenda moja kwa moja kwenye kasha lake, amerudi na chupa tupu. Amefunga kitambaa kichwani, amekaa kwenye cherehani chake, ameshona hadi jioni akiwa amenigeuzia mgongo. Nilijaribu kumweleza kwamba ni kwa ajili ya Chilinde. Mguu wake ukaongeza mwendo.

Nimekata tamaa. Naandika hivi kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Zimebaki siku tano.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata njia! Haihitaji injini.

Jules, mdogo wake Charlotte, anaimba besi kwenye kwaya. Kifua kama pipa. Tangu utotoni anaiga lori likipanda mlima, watu wanageuka kutafuta lori. Mpango: Jules anajificha nyuma ya miti ya makaburini. Mimi napiga pangaboi kwa kidole, linazunguka (linazunguka laini sana, hilo hakuna anayeweza kulikana), Jules analia. Nusu dakika. Nazima. Jules ananyamaza. Watu wanakula.

Tulifanya mazoezi nyuma ya kanisa. Sauti nzuri mno. Mbuzi wawili wamekimbia.

Halafu Jules akaanza kufikiri, kazi ambayo sikumpa. Akasema kumdanganya mjane ni dhambi moja, kumdanganya marehemu mbele ya kaburi lake ni ya pili, na yeye ataimba Jumapili. Pia akauliza moshi utatoka wapi, na harufu. Nikamwambia afanye sauti tu, harufu aniachie mimi. Akakataa. Ndiyo familia niliyooa.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimefedheheshwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda kupanga foleni ya unga. Narudi: Gakiza amekaa kwenye kiti changu, injini imefunguliwa juu ya meza ya kushonea, Charlotte ameinama na taa. Charlotte ndiye aliyemwita! Nimesimama mlangoni na unga kichwani. Hakuna aliyeomba radhi.

Charlotte alikuwa ameishika ile gasketi ya kifuniko cha nyuma. Imelowa mafuta, na maandishi yameonekana vizuri kuliko mwanzo. Yeye anasoma Kiingereza, amesoma madarasa ya jioni hapa kambini, mimi nilikuwa namcheka. Alisoma kwa kuizungusha, maana ni ya duara. Akatafsiri: "Inabana juu. Ndivyo ilivyotengenezwa. Ikipata moto inaachia yenyewe. Usi..." Hapo kuna tundu la bolti. Nililikata mimi.

Gakiza alikuna shingo.

Nilisema huenda neno lenyewe lilikuwa "usiogope."

Charlotte akauliza karatasi iliyobaki iko wapi. Nikaangalia mbabula. Naye akaangalia mbabula. Halikuwa somo la wanafunzi. Ni maelekezo ya Mwalimu Nyangulu, ya injini yake, pande mbili, na mimi nimewashia moto. Alhamisi iliyopita, ilipozunguka na kubana juu, injini ilikuwa nzima. Ilikuwa imepona! Ningeiacha kwenye boksi nikalala, leo ningekuwa fundi wa Old Town. Nimelifikiria hili mara nyingi.

Gakiza amekata gasketi nyingine, amefanya kazi hadi jua kuzama. Amepata mafuta ya mbarika kwa mke wa mchungaji, ameipasha injini moto juu ya makaa, akamimina, akapiga. Imewaka! Sekunde nne. Akaipasha tena: sekunde sita. Akasema haitapona, lakini ikiwa ya moto na yenye mafuta mengi inaweza kulia kidogo Jumamosi. Sikumshukuru, nilikuwa na hasira.

Kabla ya kuondoka alisema jambo moja: "Lwaboshi, mwambie yule mama mbele ya siku. Ukisema mwenyewe, ni kosa tu. Bakigundua benyewe, njo inakuwa uongo."

Charlotte akaongezea kwamba mficha uchi hazai. Nimewaahidi wote wawili. Ijumaa nitapiga simu.

Ijumaa, 13 Juni

Mtandao ulikuwa mbaya. Yaani, sikujaribu, lakini ulionekana mbaya.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimefunika uso kwa blanketi, baridi ni kali na Charlotte ameichukua taa.

Mai Nyangulu alituombea vibali sisi watatu: mimi, Charlotte, Gakiza. Watu kama mia makaburini, suti nyeusi, kina mama wa kanisa katika sare nyeupe. Jiwe zuri, jeusi, linang'aa. Maombi. Wimbo. Kitambaa kikatolewa. Mai Nyangulu akasoma jina la mume wake kwa sauti, akalipitisha kidole. Halafu akanigeukia na kunipa ishara kwa kichwa: sasa.

Injini ilikuwa kwenye ubao, Gakiza amekuja nayo ndani ya bati la makaa ikiwa ya moto. Nikapiga pangaboi. Hakuna. Nikapiga. Hakuna. Kwaya ikaona aibu yangu ikaanza wimbo mwingine. Nimepiga beti zote nne. Nikamwomba Mungu, nikamwomba Mwalimu Nyangulu mwenyewe, tena kwa jina lake, na nikamwambia nitasema kila kitu ikiwaka.

Ikawaka.

Sekunde kumi na moja. Gakiza amehesabu. Sauti kali, nyembamba, inapanda, hadi kwaya ikanyamaza. Moshi wa mbarika ukapita juu ya jiwe, ukamfikia Mai Nyangulu. Alifumba macho. Akavuta pumzi kwa pua kama mtu aliyefungua kabati la nguo. Halafu injini ikakohoa, ikafa, na haitawaka tena.

Nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Alicheka huku analia, akasema hata Mwalimu ilikuwa ikimzimikia hivyo hivyo, hewani, na yeye anakimbia mashambani kuitafuta. Akanishika mikono yote miwili. Akanishukuru kwa lugha yao: zikomo, zikomo. Watu wakapiga makofi. Charlotte alikuwa analia pia. Ningekufa wakati huo, ningekufa fundi.

Lakini Bwana Mkwezalamba akaja. Mtu mrefu, anaongea taratibu. Enzi za ujana wake, yeye ndiye aliyekuwa akiishika ndege ya shemeji yake wakati wa kuwasha. Akaweka kidole kwenye pangaboi, akazungusha. Akazungusha tena. Akasema zamani ilikuwa inabana pale juu, unaisikia kwenye kidole. Akauliza, bila ukali wowote, nani ameipanua.

Gakiza aliangalia viatu vyake. Charlotte aliniangalia mimi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, nayakumbuka, yalikuwa machache.

Nikasema: "Nimeikuta hivyo. Nadhani ni marehemu mwenyewe."

Sijui yalitoka wapi. Yalitoka.

Mai Nyangulu akaachia mikono yangu. Akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha Mbeya: "Mwalimu alilala hospitali miezi minne. Aliandika karatasi kwa mkono usiokuwa na nguvu, ili fundi atakayekuja asiguse pale juu. Ndiyo maandishi yake ya mwisho. Nilikuwekea kwenye boksi. Naomba unirudishie."

Nikasema ipo nyumbani, nimeitunza vizuri.

Walikula. Sisi hatukukaribishwa wala hatukufukuzwa. Tulisimama.

Jumapili, 15 Juni

Ibada. Mhubiri alizungumza juu ya Petro na jogoo. Nina hakika Jules ndiye aliyemwambia.

Charlotte hasemi nami. Si kwa hasira, hasira naijua. Anafanya kazi, ananipakulia, anaangalia ukuta. Jioni nimemkuta ameishika ile gasketi. Ameiosha kwa mafuta ya taa, ameianika kwenye kitambaa cheupe, ameikunja. Ameuliza kama ataruhusiwa kumpelekea Mai Nyangulu, ili apate angalau maneno yale ya duara. Nilimwambia asubiri kwanza nifikirie.

Akasema nimekuwa nikifikiria miaka kumi na moja.

Jumanne, 17 Juni

Habari zimekuja, na zimekuja kwa mdomo wa Gakiza, ambaye alitoka mjini jana.

Bwana Mkwezalamba amemchukua YEYE. Gakiza! Mtu wa pikipiki, kwenye vyerehani arobaini! Gakiza mwenyewe alimwambia havijui vyerehani. Amesema tena kwamba hajui! Na yule bwana akacheka akasema huyo ndiye mtu anayemtafuta, wa jenereta na mota.

Nilitaka kuingia ndani kulala. Gakiza akanizuia. Kuna nafasi ya pili. Bwana anahitaji pia mtu wa vyerehani hasa, na Gakiza amemwambia hakuna anayevijua Dzaleka yote kama mimi. Amesema hivyo, mbele ya mtu mwenye kazi! Karatasi zile zile, familia ile ile, Chilinde ile ile. Sharti ni moja, na si la bwana, ni la dada yake. Niende Alhamisi, nikae mbele ya Mai Nyangulu, nimwambie kwa mdomo wangu ni nani aliyeikwangua injini, na karatasi iko wapi. Hataki nilipe. Hataki nilie. Anataka mume wake asafishwe jina.

Gakiza alipoondoka, Charlotte alikaa mbele yangu, magoti yakagusana. Hakuwa ameniangalia usoni tangu Jumamosi.

"Evariste, mi sikuombe kitu ingine tena mu maisha. Enda useme, njo mi nilifanya, munisamehe. Ni maneno nne. Batoto batatoka hapa na maneno nne."

Nilimwambia nitasema. Nililia, na nililia kweli.

Jumatano, 18 Juni

Nimefanya mazoezi siku nzima. Njo mi nilifanya, munisamehe. Mbele ya kioo. Mbele ya kuku. Yanatoka vizuri mbele ya kuku.

Charlotte ameanza kufunga vitu. Sufuria mbili kwenye kitenge, sahani, patroni zake zote za nguo amezikunja na kuzifunga kwa uzi. Anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba. Gasketi ameiweka ndani ya bahasha na kuandika jina la Mai Nyangulu kwa herufi nzuri.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeamka na akili timamu kabisa. Kwenda mwenyewe ni hatari. Mtu akisimama mbele ya mjane anaweza kuropoka, kama yaliyotokea makaburini. Fundi wa kweli huandika ripoti. Gakiza anaondoka saa mbili kuanza kazi, nitampa barua.

Nimeandika tangu saa kumi alfajiri. Kurasa nne, mwandiko mdogo. Ukurasa wa kwanza, baridi ya Juni na jinsi inavyoathiri vyuma. Ukurasa wa pili, makosa ya kiwanda kilichotengeneza injini inayobana, jambo ambalo katika cherehani haliruhusiwi. Wa tatu, kwamba karatasi muhimu isingewekwa chini ya boksi la viatu bila kuandikwa juu yake kuwa ni muhimu, tena kwa Kiswahili. Wa nne, mchango wa Gakiza, ambaye aliishika injini kabla ya msasa na hakunizuia kwa nguvu za kutosha.

Ni barua nzuri. Sijawahi kuandika nzuri kuliko hii. Hakuna mtu atakayeisoma akadhani kosa ni la marehemu, wala langu.

Saa mbili nimempa Gakiza. Ameipima mkononi, akauliza mbona mimi siji. Nimemwambia yote yamo humo. Amemwangalia Charlotte, ameondoka.

Charlotte alikuwa ameketi juu ya mizigo, amevaa viatu vya kanisani, bahasha mapajani. Alidhani tunakwenda wote. Ameniuliza kama nimeandika lile neno, samahani. Nimemwambia nililiandika, tena mwishoni kabisa, peke yake, lionekane. Ila karatasi iliisha na jina langu lilikuwa halijapata mahali, basi nikafuta lile neno, nikaweka sahihi pale.